Mkataba wa matunzo ya nyumba, 540,000 kwa mwaka: nitie saini au niendelee na mafundi wa mtaani?

#1 Mzee_wa_Chukwani
Asalam alaykum wadau.

Nina nyumba Chukwani, haijatimiza miaka minne. Kutoka kwangu hadi ufukweni ni mwendo wa kumaliza sigara moja (sivuti tena, kipimo ndiyo nimebaki nacho). Ndani mna AC mbili, friji, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, hita ya chooni na mashine ya kufulia.

Juzi kaja kijana, fulana yake ina nembo, kanipa karatasi tatu zimeandikwa "Mkataba wa Matunzo ya Nyumba". Nalipa 45,000 kwa mwezi. Kifaa chochote katika hivyo kikiharibika napiga simu, fundi anafika ndani ya saa 48, nampa 20,000 ya kumwita, basi. Vipuri juu yao, mwisho 400,000 kwa kila kifaa kwa mwaka.

Mie mwaka jana niliandika kila kitu kwenye daftari. Gesi ya AC ya chumbani mara mbili, 160,000. Bodi ya umeme ya AC hiyohiyo, 180,000. Kusuka mota ya pampu, 150,000. Elementi ya hita, 45,000. Jumla 535,000. Tofauti na mkataba ni elfu tano tu! Na AC hiyo ya chumbani hivi ninavyoandika imeshakufa tena.

Nauliza mawili: nitie saini? Na AC hii moja ina nini na mie?

#2 Kijana_wa_Michenzani
Ina wivu. Umeweka mbili, ya sebuleni unaipenda zaidi.

#3 Volti230
Mzee, kabla ya mkataba nunua kwanza kipima volti cha kuchomeka ukutani, bei yake haifiki hata kumwita fundi mara moja. Kitizame kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku. Umeme wetu unatakiwa uwe 230. Kwangu Mbweni nimewahi kukuta 178 saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha AC. Kompresa (ile mota inayosukuma gesi) ikipewa volti kidogo haifanyi kazi kidogo, inavuta ampea nyingi zaidi ili isukume uleule mzigo, inachemka, waya zake zinaungua. Tatizo lako ni umeme, nimemaliza.

#4 Limbani_Wete
Na Pemba wanakuja hao?

#5 BintiMkunazini
Mzee, hesabu yako ina tundu. Umesahau ile 20,000 ya kumwita. Mwaka jana umeita fundi mara ngapi? Gesi mbili, bodi, pampu, hita: tano. Laki moja hiyo. Kwa hiyo mkataba ungekutoka 640,000 na sio 540,000. Huko dukani kwako ulikuwa unapigaje hesabu?

#6 Mzee_wa_Chukwani
@BintiMkunazini nilikuwa mwalimu wa jiografia, sio muuza duka. Lakini kweli, hiyo nimeikosa.

#7 Karani_Mstaafu
Nimefanya kazi za bima miaka mingi, nitoe mchango.

Watu wanachanganya mambo yasiyofanana. Bima ya nyumba inalipa msiba: moto, mafuriko, wizi, ukuta kuangukiwa na mnazi. Haikulipi friji iliyochoka. Dhamana ya kiwanda inalipa kifaa kilichozaliwa kibovu, na mara nyingi ni mwaka mmoja, kompresa huongezewa muda. Ya mjenzi inaitwa kipindi cha matazamio. Ukiandikiana na mkandarasi, unamzuilia sehemu ya pesa yake mpaka muda upite na nyufa zionekane. Huyu kijana wako anauza kitu cha nne: anakubali kubeba uchakavu. Biashara ya kubeba uchakavu ni ngumu, kwa sababu moto unaweza usiwake maisha yako yote, lakini kila kifaa kitachakaa. Kwa hiyo anayeuza lazima ajilinde mahali, na mahali penyewe ni kwenye orodha ya visivyohusika.

Tuwekee hapa ukurasa wa tatu wa hiyo karatasi. Kila siku ni ukurasa wa mwisho.

#8 Mzee_wa_Chukwani
Ahsante Karani. Ukurasa wa tatu nanakili kama ulivyo, herufi zake ndogo hadi nimeazima miwani ya mke wangu:

"Mtoa huduma hatahusika na: (a) uharibifu unaotokana na kupanda au kushuka kwa umeme, (b) kutu au athari za hewa ya bahari, (c) athari za maji ya chumvi au magamba, (d) wadudu na wanyama waharibifu, (e) ubovu uliokuwepo kabla ya mkataba, (f) matumizi ya biashara."

#9 Kijana_wa_Michenzani
Hahahaha. Umeme, bahari, maji ya chumvi na wadudu. Wameitoa Zanzibar yote, wamebakisha nini? Mkataba huu unafaa Dodoma.

#10 Volti230
(a). Nilisema mie.

#11 MamaUbuyu
Hiyo (f) ndiyo iliyonitia mkenge mie mwaka juzi. Nina frza mbili nauza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju hapa nyumbani, wateja wangu ni watoto wa skuli. Nilijiunga na mpango kama huo (jina silitaji). Nikilipa kila mwezi bila ya kuchelewa. Ramadhani kumi la mwisho frza kubwa ikazima usiku, asubuhi nafungua kifuniko nakuta nyama ya Sikukuu imelegea, maji mekundu mpaka sakafuni, na barafu mia mbili zote uji. Wamekuja kweli, ndani ya saa 48 kweli. Kijana katizama vile vipakti vya plastiki, kaniuliza, "Mama unauza?" Mie na mdomo wangu nikajibu, "Naam mwanangu, chukua moja." Akaichukua, akaila, akaandika "matumizi ya biashara", akaondoka.

Elfu ishirini yake alichukua pia.

#12 BintiMkunazini
Na barafu kaila 😂 pole Mama.

#13 Kijana_wa_Michenzani
Hiyo barafu ilikuwa ushahidi, kaula mbele ya shahidi.

#14 Koili_ya_Shaba
Kwa ruhusa yenu, mie ni fundi AC na friji, miaka kumi na moja sasa, kazi zangu nyingi ni za mahoteli ya pwani ya mashariki. Volti230 ana haki nusu. Mzee, kwako Chukwani kwa ule upepo, mie nadhani ni chumvi.

Nikwambieni nnachokiona. Ukifungua mashine ya nje ya AC iliyokaa miaka mitatu karibu na bahari, zile nyembe za aluminiamu za nyuma, ukizigusa kwa kidole zinavunjika kama kaukau iliyokaa kwenye mkebe. Unga mweupe unabaki mkononi. Sababu bomba la ndani ni shaba, nyembe ni aluminiamu, na metali hizo mbili zikikutana penye chumvi na unyevu, aluminiamu inaliwa. Joto halitoki tena, mashine inajikaza, presha inapanda. Halafu penye kona ya bomba panatoboka tundu dogo, mafuta ya kijani yanachuruzika, gesi inaondoka.

Na hapa niseme jambo mafundi wenzangu watanichukia. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka humo humo ndani ya bomba lililofungwa. Mtu akikwambia "gesi imekwisha, tujaze", muulize imetokea wapi. Mzee, wewe umejaziwa mara mbili kwa mwaka mmoja na hakuna aliyetafuta tundu. Umelipa 160,000 kuupa upepo gesi.

#15 Mzee_wa_Chukwani
Lahaula. Na yule fundi ni mtoto wa shemeji yangu.

#16 Kijana_wa_Michenzani
Basi sio tundu la bomba, ni tundu la shemeji.

#17 AmiCalifornia
Salamu kutoka mbali. Huku Marekani kitu hiki kimeota mizizi tangu miaka ya 1970, wanakiita dhamana ya nyumba. Mara nyingi muuzaji wa nyumba humnunulia mnunuzi mwaka wa kwanza, ili hita ikipasuka wiki ya pili wasigombane. Hapa California kampuni za namna hii zinapewa leseni na idara ya bima ya jimbo, majimbo mengine taratibu zao ni mbali.

Uzoefu wangu: nalipa dola 600 kwa mwaka, na 85 kila fundi akija. Mwaka wa kwanza kompresa ya AC ilikufa, wakaweka mpya, nikaona nimepata mali. Mwaka wa tatu hita ya maji ikavuja, wakaniomba karatasi za kuonesha kwamba naisafisha kila mwaka. Nani anaweka karatasi za hita? Nikakosa. Na fundi wanamchagua wao, huchagui wewe; kumwita wako mwenyewe halafu ukadai pesa, hupati kitu mpaka wamekubali kabla.

Kwa hiyo mie sisemi wizi, wala sisemi usinunue. Nasema weka karatasi.

#18 Limbani_Wete
Ami, hao wa California Pemba wanafika?

#19 AmiCalifornia
Wete siku zote unauliza hivyo hivyo 😂

#20 Volti230
@Koili_ya_Shaba chumvi haiunguzi bodi. Bodi ya 180,000 imeunguzwa na nini kama sio umeme? Umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi kwa kishindo. Sisi wa kisiwani tunategemea waya chini ya bahari kutoka Bara, tuliokuwepo mwaka 2008 tunakumbuka miezi mitatu ya kiza.

#21 Karani_Mstaafu
Ndugu Volti, usichanganye. Mei 2008 ilikuwa karibu mwezi mmoja. Ile ya miezi mitatu ilianza Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Baada ya hapo ndipo ukaja waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, mwaka 2013, pesa za Marekani. Ule wa zamani ulikuwa wa 1980, megawati 45.

#22 MamaUbuyu
Ile ya 2009 mie nilizaa kwenye kiza. Mwanangu mpaka leo anaitwa Nuru.

#23 Limbani_Wete
Na sisi wa Pemba tulikuwa na umeme wakati nyie mko kizani, msisahau. Majenereta yetu ya Wesha yakiunguruma, mwaka 2010 tukapata waya wetu wenyewe kutoka Tanga. Bas.

#24 Koili_ya_Shaba
@Volti230 bodi unataka kujua inaunguzwa na nini? Nina picha kwenye simu lakini nimesahau namna ya kuiweka. Mjusi kafiri. Anaingia kwenye boksi la mashine ya nje kwa sababu mna joto na wadudu wadudu, anakanyaga mguu mmoja huku na mmoja kule, pap. Ukifungua unamkuta kakauka kama dagaa, mkia juu ya kapasita. Nimekuta pia sisimizi wameziba kontakta mpaka haigusi. Sasa mzee wetu ana (d) kwenye mkataba, "wadudu na wanyama waharibifu". Fundi wa kampuni akikuta mjusi kafurahi huyo, harudi tena.

#25 BintiMkunazini
Sasa tuna umeme, chumvi, shemeji na mjusi. Tusubiri majini.

#26 Mwanachuo_Mkele
Ndugu zangu, hakuna aliyeuliza kama mkataba wenyewe unajuzu.

Anayelipa 45,000 kila mwezi hajui kama atapata kitu au hatopata. Hiyo ni gharar. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya OIC (jumuiya ya nchi za Kiislamu) lilikutana Jeddah mwaka 1985 likaharamisha bima ya kibiashara kwa hoja hii, likaruhusu ya kushirikiana. Kuhusu mikataba ya matengenezo walikutana tena Bahrain mwaka 1998, wakapambanua: fundi akiajiriwa kwa kazi inayojulikana na ujira unaojulikana, hiyo ni ijara, haina neno. Kwa hiyo mzee, mwambie kijana akuandikie: mara nne kwa mwaka nakuja kuosha AC, kukagua pampu, kupima umeme, ujira kadhaa. Hapo unanunua kazi. Ukinunua "pengine" unanunua upepo.

#27 Kijana_wa_Michenzani
Sheikh, na dhamana ya duka la Darajani, mwaka mmoja bure?

#28 Mwanachuo_Mkele
Hiyo imo ndani ya bei ya friji, muuzaji anathibitisha uzima wa bidhaa yake. Ile ya kulipia zaidi ili iongezwe miaka, masheikh wamekhitalifiana. Sitoi fatwa mtandaoni, muulize unayemuamini.

#29 Karani_Mstaafu
Niongezee hapo. Sheria yetu ya bima ni ya 2009, na msimamizi ni TIRA, Bara na Zanzibar. Mtu akikuuzia ahadi ya kulipa jambo lisilojulikana kwa ada ya kila mwezi, ina harufu ya bima hata akiliita jina jengine. Muulize kijana: umesajiliwa wapi? Akikuonesha karatasi ya BPRA, hiyo ni ya kusajili biashara tu. Bima ikigombana nawe unaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huyu akigombana nawe utaenda wapi? Na wenye khofu ya gharar, Shirika la Bima la Zanzibar, lipo tangu 1969, siku hizi lina takaful, yaani bima ya kushirikiana. Lakini narudia, takaful ya nyumba nayo haitengenezi pampu.

#30 MamaUbuyu
Mie baada ya yale ya barafu nikaacha mikataba. Nina kibubu cha bati, kila jioni natia elfu moja na mia tano. Frza ikiharibika navunja.

#31 BintiMkunazini
Elfu na mia tano mara siku thelathini ni 45,000. Bei ileile ya kijana!

#32 MamaUbuyu
Ewaa. Ila kibubu changu hakiniulizi kama nauza.

#33 Kijana_wa_Michenzani
Kibubu cha kwetu kilivunjwa harusi ya dada. Pampu ya maji ikafa wiki ya fungate. Tuko ghorofa ya tano, ndoo tulipandisha kwa mabega siku kumi na nane. Majumba haya Wachina waliyajenga marefu bila ya huruma.

#34 Karani_Mstaafu
Wajerumani Mashariki, kijana, sio Wachina. Miaka ya sabini.

#35 Kijana_wa_Michenzani
Mabega hayajui tofauti.

Lakini baada ya hapo ngazi yetu tumefanya hivi: nyumba kumi, kila moja 10,000 kwa mwezi, anashika bibi wa ghorofa ya kwanza ambaye hakopeshi hata Mungu (astaghfirullah). Pampu ikifa inatengenezwa siku ileile. Mwaka wa pili huu, pesa haijawahi kupungua.

#36 Mwanachuo_Mkele
Hiyo ndiyo ya kushirikiana yenyewe.

#37 Volti230
Ya pampu ya pamoja sawa. AC ya chumbani kwako nani atachangia? Mzee aweke stabilaiza kwa AC na friji gadi kwa friji. Friji gadi umeme ukirudi haifungui papo hapo, inasubiri dakika tatu hivi, presha ndani ya kompresa itulie ndiyo ianze. Bila ya hiyo kompresa inajaribu kusukuma dhidi ya presha, inakwama, inavuta moto. Hicho ni kitu cha kununua mara moja.

#38 Koili_ya_Shaba
Hapo nakuunga mkono. Ila stabilaiza ununue inayozidi mzigo wa AC, sio ile ya televisheni. Nimekuta stabilaiza ndogo imeyeyuka ukutani kama mshumaa, mwenyewe analaumu ZECO, shirika la umeme.

Na kwa chumvi: osha mashine ya nje kwa maji baridi ya mfereji kila mwezi, zima kwanza umeme. Sio maji ya kisima chenye chumvi, utakuwa unaongeza mchuzi. Wala usitumie mashine ya presha, nyembe zitalala.

#39 AmiCalifornia
Kuchagua kampuni, huku tunaambiana: usitizame bei ya mwezi, tizama kima cha juu kwa kifaa. Laki nne ya mzee, kompresa ikifa inatosha?

#40 Koili_ya_Shaba
Kompresa ya AC yake, gesi na kazi, kwangu haishuki laki nne na nusu. Kwa hiyo nyingine anaongeza mwenyewe. Halafu waulizeni, vipuri wanaweka stoo hapa Unguja au wanaagiza Dar? "Fundi atafika ndani ya saa 48" haina maana "itatengenezwa ndani ya saa 48". Fundi kufika hata mie nafika, naangalia, natikisa kichwa.

#41 BintiMkunazini
Nimefanya hesabu kwa faida ya mwalimu wa jiografia. Mwaka jana wake, tukiupitisha kwenye ukurasa wa tatu: gesi imetoka kwa kutu, (b), nje. Bodi, uwe umeme au mjusi, (a) au (d), nje. Elementi ya hita: mzee, ilikuwa na magamba meupe?

#42 Mzee_wa_Chukwani
Kama mfupa wa ngisi.

#43 BintiMkunazini
(c), nje. Imebaki pampu, 150,000. Angelipa 640,000 apate 150,000.

#44 AmiCalifornia
Binti, hiyo si haki kamili. Wangekataa mara ngapi hatujui. Mie kompresa waliweka, wala hawakuuliza. Na mzee ana umri, kupanda ngazi kutafuta mafundi nalo ni gharama. Mama yangu yupo Kiembe Samaki peke yake, ningempata mtu mmoja wa kumpigia simu akaja, ningelipa hata mara mbili. Silipii vipuri, nalipia usingizi wangu huku.

#45 MamaUbuyu
Hilo la mama umesema kweli. Wengi wanaojiunga ni watoto walio nje wanawalipia wazee.

#46 Koili_ya_Shaba
Ami, nitumie ujumbe pembeni, Kiembe Samaki ni jirani.

#47 Kijana_wa_Michenzani
Fundi kashapata mkataba wake 😂😂 uzi umemlipa.

#48 Mzee_wa_Chukwani
Wadau, nimerudi na khabari mbili.

Kijana wa kampuni nilimwita tena, nikamkalisha barazani, nikampa chai. Nikamwambia naomba (a) na (b) zitoke, au zibaki lakini bei ishuke, na kila miezi mitatu waje kuosha mashine. Akaisoma ile karatasi kama anaiona mara ya kwanza. Kusema kweli nilimuonea huruma, mtoto wa watu ameajiriwa kugawa karatasi. Kasema atamuuliza bosi. Kuosha amekubali papo hapo, mengine mpaka leo kimya.

Ya pili, nimeita fundi mwengine, sio wa shemeji. Kafungua mashine ya nje mbele ya macho yangu, na mie nimevaa miwani ya mke. Ndani mna mjusi kafiri, mmoja, amekauka, kichwa kimeelekea kibla. Nyembe za upande wa bahari zimeliwa. Penye kona ya bomba mna mafuta ya kijani. Na kipima volti nilichonunua jana usiku kilisoma 184.

#49 Volti230
184! Nilisema mie.

#50 Koili_ya_Shaba
Mafuta ya kijani penye kona. Nilisema mie.

#51 BintiMkunazini
Na mjusi je, nani alisema? Fundi tena. Mwenye AC ndiye hakusema kitu.

#52 Kijana_wa_Michenzani
Shemeji bado hajajibu tuhuma.

#53 Mwanachuo_Mkele
Mzee, umesaini au hukusaini?

#54 Mzee_wa_Chukwani
Nasubiri bosi. Wakati huo nalala sebuleni kwenye ile AC inayopendwa, mke wangu kalala chumbani na feni anasema baridi ya mashine inampa mafua. Fundi karudi leo kuchomelea tundu, kesho anapima kwa naitrojeni kama bado panavuja, kabla ya gesi. Kasema gesi hii lazima aipime kwa mizani, sio kwa kushika bomba kwa mkono kama yule wa kwanza. Bei kasema tutaelewana, neno ambalo silipendi.

#55 Koili_ya_Shaba
Huyo wa mizani muweke.

#56 Limbani_Wete
Jamani mie nauliza kwa mara ya tatu. Huo mkataba kwenye ukurasa wa kwanza umeandikwa "Zanzibar" au "Unguja"?

#57 Mzee_wa_Chukwani
Subiri nichukue miwani.

Umeandikwa "ndani ya kilomita 25 kutoka ofisini".

#58 Limbani_Wete
Ofisi iko wapi?

#59 Mzee_wa_Chukwani
Haikuandikwa.